Ada ya milioni mbili hununua nini?

Juni 2014 majukwaa ya Uwanja wa Taifa, pale Temeke, yalijaa watu bila kuwapo mechi. Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70 za kazi, na vijana waliofika kwenye usaili walizidi 10,000. Hapakuwa na ukumbi wa kuwaenea, wakaketishwa kwenye viti vya mashabiki na kufanyia mtihani mapajani. Miaka 11 baadaye mambo yalikuwa hayajalegea. Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 ikapokea maombi 135,027. Ni karibu watu 85 kwa kiti kimoja.

Mtu aliyeziona picha za siku ile ya Temeke asingeweza kujua nani alisomeshwa kwa mamilioni na nani alitoka shule ya msingi ya serikali, maarufu kama Kayumba, akatembea kwa miguu kutoka Darasa la Kwanza hadi la Saba. Bila shaka walikuwamo wa aina zote mbili. Na bado kila mwaka, kuanzia Oktoba fomu za kujiunga zinapotoka hadi Januari shule zinapofunguliwa, maelfu ya wazazi wa Mbagala, Chamazi, Toangoma, Bunju na Mabwepande hupiga hesabu ile ile. Mmoja atauza kiwanja, mwingine atakopa kikoba, mwingine atamwandikia shemeji aliye Mtwara. Wote wanaamini kitu kimoja, kwamba ada ya leo ni mshahara wa mtoto kesho.

Nimeitazama imani hiyo kwa muda sasa, na naona ina ukweli nusu. Jina la shule hulipa kidogo kuliko linavyotangazwa. Kinacholipa ni kile mtoto anachokiweza siku anapotoka shuleni. Shule nyingi zenye jina kubwa zimejengewa jina hilo na watoto waliokuja wakiwa tayari wanaweza.

Ukitaka kuona imani yenyewe ikitembea kwa magurudumu, simama Rangi Tatu au Tegeta saa kumi na moja alfajiri. Mabasi ya njano yanapishana na malori ya mchanga, taa zikiwaka, honi fupi mbele ya kila uchochoro. Dada wa basi anashuka, anampokea mtoto wa miaka mitano aliyevalishwa sweta juu ya sare, mkoba mkubwa kuliko mgongo wake, chupa ya uji ikining'inia pembeni. Kabla basi halijafika kituo kinachofuata mtoto ameshalala, kichwa kikigonga dirisha. Atalala hivyo saa nzima, pengine zaidi, kwa sababu shule iko upande wa pili wa jiji na wazazi wanaamini ya mbali ni bora kuliko ya karibu. Saa moja baadaye, kwenye kituo hicho hicho, madenti wa Kayumba kwa shati jeupe na kaptura ya bluu wanabembeleza daladala. Konda anawahesabu kwa vidole, anaruhusu wawili, waliobaki wasubiri inayofuata. Wengine zamu yao ni ya mchana, kwa kuwa madarasa hayatoshi, na asubuhi hiyo bado wanachota maji nyumbani.

Ukiyaona haya mawili kwa pamoja huhitaji kuelezwa kwa nini mzazi anauza kiwanja.

Lakini vijana wa leo wakiambiwa kwamba zamani mambo yalikuwa kinyume, hawaamini. Hadi miaka ya 1980, na hata ndani ya miaka ya 1990, mtoto wa Dar es Salaam aliyekwenda sekondari ya binafsi alikuwa ni yule ambaye jina lake halikutokea kwenye orodha ya serikali. Serikali ilikuwa imetaifisha shule nyingi za misheni baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Ilitia nguvu kwenye elimu ya msingi kwa wote baada ya Azimio la Musoma la 1974, na nafasi za sekondari ikazibana makusudi. Waliochaguliwa walikuwa wachache mno. Waliobaki walikimbilia shule za Jumuiya ya Wazazi, za madhehebu na za watu binafsi, ambazo zilichipuka kwa wingi hasa Kilimanjaro na Kagera. Ukiondoa seminari, ambazo zilikuwa na mchujo wao mkali, kusoma shule ya kulipia ilikuwa habari ya kusemwa kwa sauti ya chini. Fahari ilikuwa Tabora, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato. Hapa mjini Azania, Jangwani, Zanaki, Tambaza.

Majengo ya shule hizo yapo hadi leo. Kilichobadilika ni nani anaingia wapi. Zama zile serikali ilikamata watoto wenye alama za juu nchi nzima, na shule zake zikaonekana bora. Shule za binafsi zilipokea waliobaki, zikaonekana dhaifu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilifungua milango kwa wawekezaji, shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza zikaanza kuenea, na kidogo kidogo mkondo ukageuka. Sasa ni shule ya binafsi inayochagua kwa usaili na mfuko wa mzazi, na ya serikali ndiyo inayopokea kila anayefika. Sifa nazo zikahama. Anayedai kwamba shule ya kulipia ni bora kwa asili yake inabidi atueleze ubora huo ulikuwa wapi mwaka 1985.

Tusiitetee Kayumba kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ukaingiza watoto darasani kwa mamilioni. Kuanzia 2006 kila kata ikahimizwa kujenga sekondari yake, kazi iliyosukumwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa. Kuta zilisimama kwa kasi. Walimu, maabara na vitabu vikaja kwa mwendo wa konokono. Halafu ukaja msiba wa matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012. Yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa 240,903 walikuwa wamepata sifuri, zaidi ya nusu ya waliofanya mtihani. Tume iliundwa chini ya Profesa Sifuni Mchome, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, lakini mzazi wa Temeke alikuwa ameshasikia alichosikia. Naamini mabasi mengi ya njano tunayoyaona leo yalinunuliwa kwa hofu ya Februari ile. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 na wanafunzi wakaongezeka tena kwa kishindo, wenye uwezo kidogo walizidi kutoka.

Kwa hiyo mzazi hakukosea kukimbia. Tatizo ni anakokimbilia, na anachodhani anakinunua.

Wakenya wametusaidia kulijibu swali hili kwa njia nzuri. Kwao, kabla ya mfumo wa sasa, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ndio uliopanga nani aende shule za kitaifa, zile zinazoongozwa kwa jina na Alliance na wenzake. Enzi hizo zilikuwa 18 tu. Wachumi wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, waliwafuatilia watoto waliokaa ukingoni: yule aliyepita kwa alama moja akaingia shule ya kitaifa, na yule aliyeikosa kwa alama moja akaenda shule ya kawaida zaidi. Watoto hao kwa akili ni walewale, kilichowatenganisha ni bahati ya siku. Miaka minne baadaye matokeo yao ya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, yakalinganishwa. Utafiti huo, uliochapishwa 2014, haukuona faida ya maana kwa yule aliyeingia shule ya kitaifa, ingawa alisoma na wenzake wenye alama za juu zaidi na katika mazingira bora. Mwaka huo huo wachumi wa Marekani walichapisha utafiti wa namna hiyo kuhusu sekondari za mchujo za Boston na New York, zile ambazo wazazi wa kule huzipigania kama sisi tunavyopigania nafasi za bweni, wakakuta jambo lile lile.

Sisi wenyewe tunao utafiti wetu, na inashangaza jinsi usivyotajwa kwenye mijadala ya elimu hapa nchini. Mwaka 1980 wachumi John Knight na Richard Sabot walifanya uchunguzi kwa wafanyakazi wa kuajiriwa wa Nairobi na wa Dar es Salaam hii hii. Hawakuishia kuuliza mtu alisoma miaka mingapi na analipwa shilingi ngapi. Waliwapa baadhi yao mitihani: mmoja wa kupima wepesi wa akili, ule wa maumbo usiohitaji kusoma, na mingine ya kusoma na hesabu. Wakapata kwamba wepesi wa akili peke yake uliongeza mshahara kidogo tu. Miaka ya shule ilisaidia kiasi. Kilichoinua mshahara kwa nguvu kilikuwa uwezo wa kusoma na kuhesabu aliokuwa nao mtu hasa. Watu wawili wenye cheti kile kile, aliyekielewa alichosoma alilipwa zaidi ya mwenzake. Kitabu chao kilitoka 1990 na kimesomwa dunia nzima.

Kwa mzazi wa leo habari hiyo ina makali pande zote mbili. Inamwambia kwamba cheti kitupu hakitoshi, kiwe cha shule gani. Inamwambia pia kwamba darasa la watoto 120 ambamo mwalimu hamjui mtoto kwa jina lina gharama, na gharama hiyo itaonekana kwenye hati ya mshahara miaka 15 mbele. Shule inayomfundisha mtoto kusoma na kuhesabu kweli inastahili ada yake. Swali ni kama ile iliyo mbele yako inafundisha, au inachagua tu.

Maana kuchagua ni ufundi wa aina yake. Mtoto wa miaka sita anafanyiwa usaili. Asiyejua kusoma anaambiwa nafasi zimejaa. Akifika katikati ya safari wastani wake ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa na shule, mzazi anaitwa ofisini kwa upole: akariri darasa, au ahamishwe, au akafanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kwenye kituo kingine ili asiharibu takwimu. Wizara ya Elimu imekemea na kupiga marufuku tabia hiyo zaidi ya mara moja. Kinachobaki mwishoni ni darasa la watoto 40 walioteuliwa mara tatu, na bango barabarani linaloandika kwamba wote wamepata daraja la kwanza. Sishangai wakipata. Ningeshangaa wasipopata.

Baraza la Mitihani lilikuwa likichochea mchezo huo bila kukusudia. Kwa miaka mingi kila matokeo yalipotoka lilitangaza shule kumi bora na kumi za mwisho, na majina yalikuwa yale yale: St. Francis ya Mbeya, Feza, Kemebos, Marian, Canossa. Januari 2023, Athumani Amasi wa Baraza hilo alipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka uliotangulia, alisema utaratibu huo umekoma. Hoja yake ilikuwa kwamba kuwashindanisha watoto waliosoma katika mazingira yasiyofanana hakuna tija. Wenye shule walinung'unika, wazazi wengine pia. Mimi niliona uamuzi huo umechelewa. Orodha ile ilikuwa inatueleza zaidi nani alipokea watoto gani kuliko nani alifundisha nini.

Halafu kuna kosa la hesabu ambalo hutokea zaidi huku pembezoni kuliko Masaki. Mzazi wa Mbagala Kuu anasoma habari za shule zilizotajwa hapo juu, anavutiwa, kisha analipa ada kwenye shule nyingine kabisa: nyumba ya vyumba vinne iliyoongezewa ghorofa, yenye jina la mtakatifu au neno la Kiingereza, uwanja wa michezo ukubwa wa gari mbili. Mwalimu wake ni kijana aliyemaliza chuo, anayelipwa pungufu ya mwenzake wa serikali, na kila ajira za ualimu zinapotangazwa shule inabaki na madaftari yasiyosahihishwa hadi apatikane mwingine. Kijana huyo mwenyewe, ukimuuliza, mara nyingi alisoma Kayumba. Shule ya namna hiyo na zile za kwenye orodha zimefanana kwa rangi ya basi tu, na matokeo ya moja hayawezi kumdhamini mtoto wa nyingine.

Tuje kwenye pesa. Chukua ada ya 2,000,000 kwa mwaka, ambayo kwa shule za mchepuo wa Kiingereza za huku si ya kushtua. Kwa mtoto aliyesoma miaka saba ya msingi na minne ya sekondari ni 22,000,000, bila sare, basi, chakula cha mchana, wala mahafali ya chekechea ambako watoto huvishwa majoho kama wahitimu wa Mlimani. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000. Mtoto huyo akija kuanzia hapo, ada yake peke yake ni sawa na mshahara wa miezi 44, bila kula wala kulala. Akiwa na shahada ataanzia juu zaidi, lakini naye ana makato: aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe.

Bodi hiyo ina jambo jingine ambalo wazazi hugundua wakiwa wamechelewa. Mkopo wa elimu ya juu hutolewa kwa kupima uhitaji, na historia ya ada ni sehemu ya kipimo. Mama lishe aliyejinyima miaka 11 ili binti yake asome shule ya kulipia anaweza kujikuta, kwenye karatasi, anaonekana mtu mwenye uwezo. Aliyefadhiliwa anatakiwa kuambatisha barua ya mfadhili. Shemeji wa Mtwara aliyekuwa akituma kwa simu kila muhula sijui ataandikaje barua hiyo.

Na mshahara wenyewe unauliza nini? Serikalini, ambako vijana wengi wa huku wanatamani kufika, ngazi ya mshahara hupangwa kwa sifa ya kitaaluma na kada. Muuguzi mwenye stashahada aliyetoka sekondari ya kata ya Charambe na mwenzake aliyetoka shule ya bweni ya masista Mbeya wanaanza kwenye mstari mmoja. Hakuna safu ya jina la shule. Serikali ikikagua cheti inakagua kama ni cha kweli: Aprili 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa kazini, na kilichowaponza kilikuwa uhalali wa cheti, shule haikuulizwa.

Sekta binafsi ni hadithi nyingine, na hapa ndipo shule ya kulipia inaposhinda kihalali. Kwenye benki, kampuni za simu, migodi, mashirika ya kimataifa na hoteli kubwa, usaili mara nyingi huendeshwa kwa Kiingereza, na kijana asiyekuwa na hofu ya lugha hiyo ana nafasi kabla hajaulizwa kitu cha kazi. Mtoto wa Kayumba husoma karibu kila kitu kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha Januari moja anakuta baiolojia, fizikia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza. Wengi hunyamaza hapo na kukaa kimya hadi Kidato cha Nne. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili kuanzia 1985. Miaka miwili baadaye wataalamu Criper na Dodd walichunguza hali ya Kiingereza mashuleni wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawaifuati lugha wanayofundishiwa. Pendekezo la Makweta likawekwa kando. Miongo minne imepita na mwanya ule ule ndio unaowajazia wenye shule za mchepuo wa Kiingereza wateja. Mzazi halipii hasa baiolojia bora. Analipia mwanawe asinyamaze Kidato cha Kwanza.

Kitu cha pili kinachouzwa, ingawa hakiandikwi kwenye fomu, ni watu. Kukaa dawati moja na mtoto wa meneja, wa hakimu, wa mwenye kampuni ya uwakala wa forodha. Hapa mjini tunaita koneksheni, na kila aliyewahi kutafuta kazi anajua uzito wake. Lakini koneksheni haipatikani kwa kulipa ada popote. Inapatikana kwa kulipa mahali ambapo wenye nazo wanasomesha watoto wao. Shule ya kulipia ya Buza itamkutanisha mwanao na watoto wa wauza duka na madereva wa Buza, watu wema wote, ambao angekutana nao hata hivyo kwenye mpira wa jioni.

Marekani, ambako jambo hili limechimbwa kuliko kwingine kote, matokeo yanalingana na hilo. Alan Krueger wa Princeton na mwenzake Stacy Dale walilinganisha vijana waliokubaliwa na vyuo vyenye majina makubwa. Waliokwenda, na waliokubaliwa wakaamua kusoma vyuo vya kawaida, walikuja kulipwa karibu sawa. Aliyekuwa na uwezo alikwenda nao alikokwenda. Miaka ya karibuni, 2023, Raj Chetty na wenzake wakaongeza: vyuo vile vya kileleni kwa wastani haviinui mshahara, ila vinaongeza kwa takriban nusu uwezekano wa kijana kuingia asilimia moja ya juu kabisa ya wenye kipato. Jina la chuo linafungua mlango mmoja mwembamba, ule wa ghorofa ya juu.

Utafiti wa Dale na Krueger ulikuwa na pembe moja ambayo ningependa isomwe polepole na watu wa Temeke. Kundi lililofaidika kweli na vyuo vyenye jina lilikuwa vijana ambao wazazi wao hawakusoma sana, pamoja na Wamarekani weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mtoto wa daktari alikuwa na daktari nyumbani. Chuo kilimwongezea kidogo. Mtoto ambaye nyumbani hakuna wa kumwonyesha njia alipata pale watu na habari ambazo asingezipata kwingine. Kwa hiyo mama wa Tandika anayehangaika si mjinga. Huenda mwanawe ndiye ambaye shule nzuri ingemfaa kuliko mtoto wa Masaki anayebebwa na gari la baba. Tatizo lake ni kwamba kwa uwezo wake anauziwa shule ya wastani kwa bei ya matumaini, wakati shule ambayo ingemfaa mtoto wa namna hiyo serikali inayo tayari: Kibaha iko mwendo wa saa chache kutoka Tandika, Mzumbe na Kilakala ziko Morogoro, na kuingia huko ni kwa alama. Nafasi ni chache, ni kweli. Lakini utakuta mtaa mzima unazijua ada za shule tano za jirani na hakuna anayejua shule za vipaji maalumu huchagua vipi.

Baadhi ya watu, ukifika hapa, watakutajia mwanamuziki Diamond wa Tandale na mwanasoka Samatta wa Mbagala, kwamba hao walisoma wapi? Mfano huo sijawahi kuuona ukimsaidia mtu. Kwa kila Samatta mmoja Mbagala ina maelfu waliocheza mpira ule ule kwenye vumbi lile lile na leo wanaendesha bodaboda.

Afadhali wangetaja chuo cha ufundi cha VETA, Chang'ombe, ambayo mabasi ya njano huipita kila asubuhi. Fundi umeme wa majumbani anayejua kazi na kupokea simu kwa wakati, kwa jinsi Bunju na Chamazi zinavyojengwa, hakosi kazi wiki nzima, na katika wateja wake hakuna aliyemuuliza alimaliza wapi Kidato cha Nne. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeingiza mkondo wa amali sekondari, na sera iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025 imeuwekea msingi. Utekelezaji utahitaji karakana na walimu wa karakana, vitu ambavyo historia ya shule za kata inatufundisha kuvisubiri kwa macho makavu.

Kwa mwenye fomu mkononi sasa hivi, kuna kipimo kimoja ambacho hakimgharimu kitu ila bando la intaneti. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake matokeo ya kila shule, jina kwa jina la shule, mwaka kwa mwaka: upimaji wa Darasa la Nne, mtihani wa Darasa la Saba, upimaji wa Kidato cha Pili, mtihani wa Kidato cha Nne. Fungua shule unayoitaka. Hesabu waliofanya upimaji wa Kidato cha Pili mwaka 2022, kisha hesabu waliofanya Kidato cha Nne mwaka 2024. Ni darasa lile lile. Wengine watakuwa wamehama na wazazi, wengine wameanguka upimaji wenyewe, hilo ni la kawaida, na wachache watakuwa wameingia. Lakini walioanza wakiwa 90 wakafika 52, nenda ofisini ukaulize 38 wako wapi, na usikilize namna unavyojibiwa. Kwa shule ya msingi fanya hivyo hivyo, Darasa la Nne dhidi ya Darasa la Saba.

Ukishamaliza hapo, fungua sekondari ya kata yako. Tazama waliopata daraja la kwanza hadi la tatu, si kwa asilimia bali kwa vichwa, halafu muulize mwalimu mkuu ana walimu wangapi wa hesabu na kama kuna anayefundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza kwa uangalifu. Kuna sekondari za kata Kinondoni na Temeke zitakazokutia hofu, uondoke haraka. Ziko pia ambazo, ukiweka kando 2,000,000 za mwaka na kutumia robo yake kwa tuisheni nzuri ya hesabu na Kiingereza, chakula cha mchana na nauli isiyomtia mtoto mikononi mwa makonda, zitamfikisha pale pale ambapo lile basi la saa kumi na moja lingemfikisha, naye awe amelala hadi saa kumi na mbili.